Kabla ya kushangilia, mtazame aliyekukaba

Jumamosi moja jijini Nairobi, kwenye uwanja wa shule ambao nyasi zake zilikuwa zimekauka kwa kiangazi, tulikuwa 14 kwa 14 katika mechi ya ultimeti, mchezo wa kurushiana kisahani, na pointi moja tu ilibaki kumpata mshindi. Kisahani kilirushwa juu, kikaelea, nikaruka na kukidaka. Nilitua nikiwa nimeshaanza kupiga kelele. Sikutazama chini. Nilikibamiza kisahani kwenye vumbi, nikageuka, na wenzangu waliokuwa nje ya mstari walikuwa wameshanifikia. Nikabebwa juujuu. Kwa sekunde kadhaa sikuona kitu ila mikono na nyuso za watu ninaowapenda.

Pembeni ya kundi hilo alisimama dada aliyekuwa akinikaba. Nilimwona, ila sikumwelewa. Mkono wake mmoja ulikuwa umeinuka hadi usawa wa bega, kama mwanafunzi anayesita kumjibu mwalimu. Kisha akaushusha. Mechi ilipokwisha tulifanya duara la timu zote mbili, mikono mabegani, mmoja wao mmoja wetu, kama ilivyo desturi ya ultimeti. Zamu yake ilipofika alitushukuru kwa mchezo mzuri, akanigeukia na kusema kwa upole: "Kaka, mguu wako wa kushoto ulitua kwenye mstari. Nilitaka kusema, lakini mlikuwa wengi."

Nimeyatafakari maneno hayo ya mwisho kwa miaka sasa. Mlikuwa wengi. Hakuna aliyemtukana siku ile, wala aliyemcheka, wala aliyemnyooshea kidole. Tulifurahi tu, na furaha yetu ikamziba mdomo hakimu.

Nasema hakimu kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Kwa asiyeujua mchezo huu: ultimeti huchezwa na watu saba kwa saba, kwa kisahani cha plastiki chenye uzito wa gramu 175, kwenye uwanja wa mita 100 kwa 37. Kila mwisho wa uwanja una eneo la goli lenye kina cha mita 18. Aliyeshika kisahani haruhusiwi kukimbia nacho. Ana sekunde kumi za kukirusha kwa mwenzake, na kikidakwa ndani ya eneo la goli ni pointi. Mara nyingi anayefika 15 kwanza ndiye mshindi. Na hakuna refa. Hata kwenye fainali za ubingwa wa dunia wachezaji wenyewe ndio wanaosema hii ni rafu, hii imetoka nje, hili ni goli. Pembeni wanaweza kuwapo washauri wa mchezo, lakini neno la mwisho ni la waliomo uwanjani.

Kwa hiyo goli la ultimeti halikamiliki linapodakwa. Linakamilika pale pande mbili zinapokubaliana kwamba limedakwa. Mdakaji lazima atue mzima mzima ndani ya eneo la goli. Mstari wa goli si sehemu ya eneo hilo, ukiukanyaga bado uko nje. Lazima kisahani kibaki mkononi mpaka mwili umalize kugonga ardhi. Huenda alimsukuma mlinzi kabla ya kuruka. Mambo yote haya hutokea ndani ya nusu sekunde, na mara nyingi mtu aliyeyaona vizuri kuliko wote ni yule mpinzani aliyekuwa hatua moja kutoka kwake. Sheria inasema uamuzi ni wa mwenye nafasi nzuri zaidi ya kuona. Mimi nilikuwa natazama angani. Yeye alikuwa anatazama miguu yangu.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba sheria ilikuwa imetuwekea njia nyepesi kabisa. Mtu akidai goli na mwingine akapinga, mchezo unasimama, unarudishwa nyuma, na unaendelea kana kwamba dai limetolewa wakati ule ule kisahani kilipodakwa. Ningebaki nacho mkononi, nusu hatua kutoka golini, na wenzangu sita mbele yangu. Huenda tungefunga kwenye pasi iliyofuata. Tulichokuwa tunakipoteza kwa kusubiri hakikuzidi sekunde tatu.

Watu wengi wanaoandika juu ya adabu ya kushangilia huanza na unyenyekevu. Wanasema mwanamichezo mwema hajisifu, anafunga kimya na kurudi mahali pake. Siafikiani nao. Unyenyekevu ni tabia nzuri, lakini sioni kwa nini mchezo uutoze kodi kwa kila mdakaji. Binti wa miaka kumi na sita aliyejirusha mwili mzima hewani, akadaka kisahani sentimita chache kutoka ardhini na kuchubuka kiwiko, ana haki ya kupiga kelele mpaka sauti ikauke. Mwenye vigelegele na apige vigelegele. Hoja yangu iko mahali pengine: katika mchezo usio na refa, sekunde chache zinazofuata goli ni za mahakama. Anayezijaza kelele, hata kwa moyo mweupe, anamvuruga shahidi wakati anaitwa kutoa ushahidi.

Ukilinganisha na kandanda utaiona tofauti hiyo. Sheria ya 12 ya kandanda inaruhusu wachezaji kushangilia goli, ila inakataza kuzidisha: anayevua jezi anapewa kadi ya njano, vivyo hivyo anayepanda uzio wa watazamaji au kufanya ishara za kuchokoza. Sheria hiyo inalinda muda, usalama na amani ya jukwaani. Haihitaji kulinda uamuzi, kwa kuwa uamuzi uko kwa mtu mwenye filimbi ambaye si wa upande wowote. Mfungaji anaweza kukimbia hadi kwenye kibendera cha kona, akapiga magoti, akalia, na mwamuzi akalikataa goli lile lile kwa utulivu. Kwetu, mwenye filimbi ni yule uliyemwacha amekaa chini kwenye nyasi.

Shirikisho la dunia la michezo ya kisahani, WFDF, ambalo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua kikamilifu mwaka 2015, limeliandika jambo hili mwanzoni kabisa mwa sheria zake. Sehemu ya kwanza, kabla ya vipimo vya uwanja na hesabu za pointi, inazungumzia Roho ya Mchezo: kwamba jukumu la haki liko kwa kila mchezaji, kwamba ushindani mkali unakaribishwa lakini usivunje heshima kati ya wachezaji. Halafu inataja matendo ambayo ni uvunjaji wa wazi wa roho hiyo. Yamo mchezo wa hatari, rafu za makusudi, kejeli na vitisho, kudai kosa kwa kulipiza kisasi. Katikati ya hayo kuna kushangilia kusiko na heshima baada ya kufunga.

Nilipokisoma kifungu hicho mara ya kwanza nilidhani kimetiwa chumvi. Iweje kucheza ngoma golini kuwekwe kapu moja na rafu ya makusudi? Leo naiona mantiki yake. Vyote hivyo vinamfanya mtu wa upande wa pili aogope, akasirike au anyamaze, na mchezo huu unasimama juu ya mtu huyo kuwa huru kusema alichokiona. Ukimkejeli katika pointi ya tatu, usitegemee katika pointi ya kumi akubali kwa moyo safi kwamba mguu wake ndio uliokuwa nje. Roho ya Mchezo huharibika hivyo. Haivunjiki kwa kishindo. Inalegea pointi baada ya pointi, mpaka timu mbili zinabishana kila pasi na dakika tano zinapita bila kisahani kuruka.

Kuhusu kukibamiza kisahani chini, ambalo ndilo watu hulibishania zaidi, msimamo wangu unaweza kuwashangaza walinzi wa adabu. Desturi hiyo ilitoka kwenye futiboli ya Kimarekani, ambako Homer Jones wa New York Giants anatajwa kuwa wa kwanza kuipiga chini mpira baada ya kufunga, mwaka 1965. Wachezaji wa ultimeti waliirithi kwa urahisi, kwa kuwa mchezo wao ulizaliwa Marekani miaka mitatu baadaye, kwenye shule ya sekondari ya Columbia, mjini Maplewood, New Jersey. Kisahani kikipigwa chini hakimdhuru mtu. Tena, kwa utaratibu wa mchezo, timu iliyofunga hubaki upande ule ule na ndiyo itakayokirusha kuanzisha pointi inayofuata. Hakuna mpinzani anayelazimika kuinama kukiokota. Tendo lenyewe sina ugomvi nalo. Nauliza mambo mawili tu: kimepigwa lini, na kimeelekezwa wapi? Kikipigwa baada ya makubaliano, ukiwa umewaelekea wenzako, ni furaha. Kikipigwa kwenye miguu ya mtu uliyemruka kichwani, huku macho yako yamekaza kwenye macho yake, hiyo ni kebehi, na kusema "nilikuwa nafurahi tu" hakuiondoi.

Jiografia yenyewe ya goli inazidisha uzito. Timu iliyofungwa ndiyo inayotembea. Wanageuka na kwenda hadi upande wa pili wa uwanja, mita 64 na zaidi, wakiwa na muda usiofika dakika moja na nusu kujipanga upya. Wewe uliyefunga huna safari. Umesimama pale pale, na wao wanapita mbele yako kuondoka. Aliyewahi kutembea safari hiyo akiwa amefungwa mara nne mfululizo anajua jinsi kila kicheko cha nyuma yake kinavyosikika kama chake. Hapo neno moja la mfungaji kwa mlinzi wake, "ulinibana vizuri", linabeba mengi. Sheria za WFDF zenyewe zinataja kumpongeza mpinzani miongoni mwa mifano ya roho njema. Kumpa mkono na kumwinua aliyejirusha akakikosa kisahani kunachukua sekunde mbili, na mara nyingi ndizo sekunde hizo hizo anazohitaji kusema kama ana la kusema.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu wa kandanda huisahau wanapoujia mchezo huu. Goli la kandanda ni adimu, hivyo kila moja hustahili sherehe yake. Ultimeti ni mchezo wa magoli mengi tangu mwanzo: mechi ya kwanza kati ya shule mbili, mwaka 1970, Columbia iliifunga Millburn 43 kwa 10, na mechi ya kwanza ya vyuo, Novemba 1972, Rutgers iliishinda Princeton 29 kwa 27. Katika mchezo wa leo wa kufikia 15, mechi moja inaweza kuwa na magoli 29. Tena si yote yenye uzito sawa. Timu inayopokea kisahani mwanzoni mwa pointi inatarajiwa kufunga. Ikifunga, imetimiza wajibu. Uzito uko kwa timu iliyoanza ikiwa inalinda, ikakipokonya kisahani na kwenda kufunga, kwa sababu hapo ndipo mechi inapogeuka. Mkubwa kuliko yote ni mlinzi kukinasa kisahani ndani ya eneo la goli analoshambulia, ikawa goli papo hapo. Goli la namna hiyo linaitwa Kalahani, kwa heshima ya Henry Callahan aliyechezea Chuo Kikuu cha Oregon. Anayefunga Kalahani na uwanja mzima usilipuke, nadhani kuna watu wamelala.

Kwa hiyo wachezaji wenye busara hupima. Timu ikiwa mbele 12 kwa 2 na bado kila goli linashangiliwa kama la fainali, walio upande wa pili hawaoni tena furaha. Wanaona watu wanaofurahia kuwaona wamelala. Lakini hapa pia kuna kipengele cha kuangalia. Ikiwa mchezaji mpya amefunga goli lake la kwanza maishani, hata kama ni la kumi na tatu, sherehe na iwe kubwa, na timu iliyofungwa ikiambiwa hilo hushangilia pamoja. Nimewahi kuona hivyo. Mpinzani akipewa sababu hutoa furaha bila hiyana.

Msomaji wa Tanzania huenda ameshaanza kunijibu kimoyomoyo: mbona sisi tunaishi na tambo, na hakuna anayekufa? Yanga walipoifunga Simba 5-1 Novemba 2023, vidole vitano vilionekana kila kona, sokoni, kwenye daladala, ofisini. Simba nao walikuwa na 5-0 yao ya Mei 2012 ya kujibia. Nakubali, na naupenda utani huo. Ila utani ni uhusiano kabla haujawa maneno. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na kutokana na vita hivyo wakajenga utani ambao mpaka leo unamruhusu mmoja kumsimanga mwenzake hata msibani. Ruhusa hiyo imelipiwa. Mtani anajua kwamba kesho zamu yake itafika, na kwamba siku ya shida mimi ndiye nitakayekuja kumsaidia. Mtu ambaye si mtani wako ukimfanyia lile lile, umemtukana.

Katika mashindano ya ultimeti unakutana asubuhi na watu usiowajua, na jioni mmeagana. Hakuna deni la zamani wala zamu ya kesho. Timu mbili za mtaa mmoja zinazocheza kila wiki zinaweza kujenga utani wao, na mimi nisiyewafahamu sina mamlaka ya kuwaambia mzaha wao umezidi. Lakini wanapokutana wageni kutoka Kenya na Uganda, nchi ambazo zote zina vyama wanachama wa WFDF, au wageni kutoka mabara mawili, anayepima kama sherehe imekosa heshima hawezi kuwa mshangiliaji. Ishara ya mzaha kwetu ni tusi kwingine. Sheria inataka heshima bila kuchora mipaka yake, na nadhani ilifanya vyema, kwa kuwa mwenye kujua kama amevunjiwa heshima ni yule aliyesimama mbele yako.

Wapo wanaoona njia nyingine. Marekani kuna ligi ya kulipwa iliyoanza mwaka 2012, ambayo leo inaitwa UFA, inayotumia marefa wenye filimbi. Sherehe zake ni za jukwaani hasa, na watazamaji wanazipenda. Sioni unafiki ndani yake: wakishamkabidhi mtu wa tatu uamuzi, shangwe yao haimzibi mdomo mpinzani. Hata hivyo ligi hiyo ilibakiza kipengele kimoja kinachomruhusu mchezaji kuukana uamuzi wa refa uliompendelea yeye. Nakitafsiri hivi: hata waliolipia filimbi waliona kuna kitu kwenye sauti ya mchezaji mwenyewe ambacho hawakutaka kukipoteza. Tunaocheza bila filimbi tunayo sauti hiyo tu. Baada ya mechi tunapeana alama za roho katika vipengele vitano, kila kimoja kutoka 0 hadi 4, na 2 ndiyo alama ya mchezo wa kawaida mwema. Sherehe mbaya itakatwa alama kwenye kipengele cha kujizuia. Lakini alama huja jioni, na goli lilikwishahesabiwa saa nne asubuhi.

Ndiyo maana naelekeza lawama kubwa kwenye benchi kuliko kwa mfungaji. Mfungaji amejawa na damu moto, na ni vigumu kumdai utulivu. Walio nje ya mstari wana nafasi ya kupumua. Sheria tayari inawataka wasio uwanjani wasijiingize kwenye maamuzi ila wakiombwa na wahusika waseme walichokiona. Kuvamia eneo la goli watu kumi na tano kabla mlinzi hajafungua kinywa ni kujiingiza kwenye uamuzi kwa miguu. Nahodha anayejua kazi yake huwaambia kabla ya mechi: subirini mikono. Ishara ya goli katika mchezo huu ni mikono yote miwili kuinuliwa wima, viganja vikitazamana. Mwenye kupinga hugonganisha ngumi mbele ya kifua. Benchi likijifunza kumtazama mlinzi badala ya mdakaji, mengi yanatatuka bila hotuba ya mtu.

Yule dada tulikutana tena mwaka uliofuata, uwanja ule ule, mimi nikishambulia na yeye akinikaba kama kawaida yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi. Tulikuwa nyuma, 11 kwa 12. Kisahani kilikuja chini, nikajirusha, nikakidaka na kuteleza kwenye nyasi hadi bega likawaka moto. Nilibaki nimelala nacho kifuani. Nyuma yangu niliwasikia wenzangu wakizuiana, mmoja akisema ngoja, ngoja. Nikainua kichwa kumtazama. Alikagua alama niliyoichora ardhini, akautazama mstari, akarudia tena bila haraka. Halafu akainua mikono yake yote miwili wima, na kelele zikaanza.